Mwaka Milembe Alipoingia Zizini

Nilikuwa nimekaa mkekani chini ya turubai, miguu nimeinyoosha, Masanja aliposimama na karatasi kusoma wasifu wa shangazi yake. Spika ilikuwa inakoroma. Akasoma alikozaliwa marehemu, akasoma alikobatizwa, akasoma kwamba alikuwa mpishi hodari na mtu wa watu, na waombolezaji wakatikisa vichwa. Kisha akasoma kwamba mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, marehemu Milembe, "kwa msaada mkubwa wa kaka yake, Mzee Maduhu," alipata mashine yake ya kwanza ya kusaga. Msaada mkubwa! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na magoti yangu hayataki tena habari za kusimama ghafla, lakini nilikwisha kukita kiganja chini nijiinue. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu akanishika mkono. Jina lake ni Kwangu, mke wa huyo huyo Masanja aliyekuwa anasoma. "Kaa, Mayu Limi," akaninong'oneza, mayu kwa Kisukuma ni mama. "Mwache amalize." Nikakaa, ila kiganja sikukiondoa chini. Na yaliyosomwa baada ya hapo sikuyasikia, maana mwenzenu nilikwisha kurudi kwenye zizi la minyaa la Mzee Maduhu, na kwenye mwaka ambao hakuna mtu atakayeusimulia vibaya mbele yangu mimi nikanyamaza.

Wakati ule nilikuwa binti, sijaolewa, nafanya kazi kwa Dada Milembe. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa, Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga, na hoteli yetu ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa jengo refu la ushirika. Nasema hoteli kwa sababu ndivyo tulivyoita. Palikuwa na meza mbili, mabenchi manne, ndoo ya maji ya kunawa yenye koki, na pazia la kanga lililotenganisha wateja na jiko. Ukuta mmoja ulipakana na godauni la pamba, kwa hiyo nyuzi nyeupe zilipenya juu ya ukuta zikatua kwenye kila kitu, hata kwenye chai, na mteja mgeni akilalamika Milembe alimwambia, "Kunywa, baba, hiyo ndiyo inayokulipa mshahara." Asubuhi tulipika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, tukavirudisha kwenye maji ya moto na kuvitoa na maziwa mgando. Mchana ugali na dagaa wa Kalemela, au samaki kama gari la ziwani limefika. Milembe alipika ameinama, kiuno kimefungwa kanga mbili, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa na sauti ya chini, ya kukwaruza, na akikasirika ilizidi kushuka badala ya kupanda. Ukisikia anaongea kwa upole sana, kimbia.

Mwaka ule mji ulichemka. Ilikuwa enzi za ruksa, kila kitu ruksa, na mtu yeyote mwenye lori na mizani aliruhusiwa kununua pamba ambayo miaka yote ilinunuliwa na ushirika peke yake. Walikuja na magari yenye namba za kila mahali. Madereva walikula kwetu, makarani wao walikula kwetu, na wakulima waliolipwa papo hapo walikula kwetu wakiwa bado hawaamini. Nikiwa nyuma ya pazia nilisikia mazungumzo yote ya mjini: nani amenunua baiskeli, nani ameongeza mke, nani ameibiwa kwenye mizani. Na nilisikia waliyoyasema juu ya Milembe akiwa amewapa kisogo. "Mwanamke hana mume na hoteli inajaa namna hii? Kuna mtu nyuma yake." "Mtu au kitu?" Halafu kicheko. Alikuwa anasikia. Aliniambia nisiwatilie maji kwenye mchuzi kwa hasira, maana hasira ya mpishi inamrudia mwenyewe jioni wateja wasipokuja.

Hata leseni ya ile hoteli haikuwa na jina lake. Nilikuwepo tulipokwenda kuihuisha, maana alitaka mtu wa kubeba chakula cha afisa wa leseni; bila chakula faili letu lingelala. Afisa alikula akafuta mdomo, akauliza, "Jina la mume?" Milembe akasema hana. "Alikufa?" "Nilimwacha." Yule bwana akaweka kalamu chini akamtazama kama amemtukania mama. "Basi la kaka. Hatuwezi kuandika biashara hewani." Kwa hiyo pale ukutani kwetu, juu ya ndoo ya maji, kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali, mwenye hoteli alikuwa Maduhu, mtu ambaye hakuwahi kuosha hata kijiko kimoja mle ndani. Milembe alicheka siku hiyo. Alisema karatasi haipiki.

Lakini kabla msimu haujafika katikati, karani wa ushirika alikuja, akakaa, akala, halafu akatuambia chumba kimepata mpangaji mwingine. Mnunuzi mmoja wa pamba alitaka jengo zima liwe stoo yake, na ushirika, ambao sasa wenyewe ulikuwa unahema, ulikuwa umekubali. Pamba ikiisha, tuondoke. "Na mimi nikapikie wapi?" Milembe akauliza kwa ile sauti yake ya upole. Karani akasema hayo ni mambo ya soko huria, dada yangu. Sijui kama yeye mwenyewe alijua maana yake, lakini mwaka ule neno hilo lilifunga kila mjadala.

Basi ndipo ilipotokea habari ya mashine. Kule Nassa alikuwepo mzee mmoja, Mzee Yohana, aliyekuwa na mashine ya kusaga ya dizeli na hakuitaka tena, watoto wamekwenda mijini na yeye mgongo umemkataa. Pesa hakutaka. Pesa zile zilikuwa zinapoteza thamani ukiwa bado unazihesabu. Yeye alitaka ng'ombe. Na Milembe alikuwa na ng'ombe! Miaka yote ile kila alichobakiza jikoni alikigeuza ng'ombe, kama Msukuma yeyote mwenye akili. Kiwanja kidogo cha kuweka mashine alikuwa amekwisha kukipata nyuma ya soko. Wanawake wa upande ule walikuwa wanatembea mwendo mrefu na ndoo za mahindi kichwani. Milembe alinieleza yote hayo huku anachambua mchele, na kwa furaha alikuwa anarudisha chuya kwenye mchele safi, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Hoteli inafungwa, sawa, mashine inaanza. Kilichobaki ni kuwatoa ng'ombe kwa kaka yake na kuwapeleka Nassa.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwetu mwanamke hakwenda mnadani kununua ng'ombe. Maduhu ndiye aliyemnunulia, kwa mkono wake, na walioona waliona Maduhu ananunua. Ng'ombe walikwenda zizini kwa Maduhu, wakachanjwa masikio alama ya Maduhu. Ukitaka kumwekea ng'ombe mtu baki, desturi ni kuwahifadhisha mbele ya mashahidi, sisi tunaita kubilisa: watu wanakaa, wanawaona, yule anayepokea anasema kwa kinywa chake kwamba hawa si wangu. Akija kukana, mashahidi wapo. Lakini kwa kaka yako wa tumbo moja? Ukimletea mashahidi kaka yako umemwambia ni mwizi mlangoni kwake. Hakuna dada anayefanya hivyo. Milembe, mjanja wa mji, mwanamke aliyejua kupunja na kupunjwa, hakufanya.

Akanituma kijijini kwao, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na sukari na majani ya chai, maana kwa kaka mtu huendi mikono mitupu. Njiani kwenye lambo niliwapita ng'ombe wanakunywa maji, nikamtambua yule dume jekundu wa Milembe, nzagamba mwenye nundu iliyolala upande, ambaye yeye alimpenda kuliko wengi wetu tunavyopenda watu. Nilifika kwa Maduhu jua limekuwa kali. Nilipita nyuma ya kihenge nitafute kivuli nijifute vumbi kabla ya kuonekana, na hapo hapo nikasikia sauti yake na ya mkewe, Mama Masanja, upande wa pili. Nikasimama nilivyo, mguu mmoja nusu hewani.

"Wakwe wakija Jumamosi watachagua," Maduhu alisema. "Dume jekundu wakilitaka walichukue. Na wale mitamba. Mwanangu hataoa kwa aibu."

"Lakini ng'ombe ni za Milembe."

Nikasikia anatema tumbaku.

"Za Milembe! Alipomkimbia mumewe, mahari ilirudishwa na nani? Ilitoka zizi la nani? Nilibaki na ng'ombe mmoja wa maziwa ya watoto, wewe mwenyewe ulilia. Sasa zizi linajirudishia chake, unaniambia za Milembe."

"Na akija?"

"Atakuja kupika. Kazi yake si ndiyo hiyo?"

Lo! Nilizunguka nikatokea upande wa mbele nikiwa nimekwisha kuvaa uso wa mgeni. Nikapiga magoti, nikasalimu, nikatoa sukari. Mama Masanja hakunitazama machoni. Nikasema nimetumwa na Dada Milembe, anahitaji ng'ombe wake wiki ijayo. Maduhu alikuwa mtu mrefu, mpole wa kusema, mwenye kikohozi. Akaniuliza habari za mjini, akaniuliza kama nimekula, halafu akasema nimwambie dada yake ng'ombe wamepelekwa malisho ya mbali, mvua zikinyesha watarudi. Na mimi nywele za shingoni zilikuwa bado na vumbi la kwato zao! Nikasema sawa, baba, nitamwambia. Nilikula ugali wake na mlenda wake. Mpaka leo nikifikiria Maduhu simchukii moja kwa moja, na hilo linaniudhi zaidi, maana alichosema kuhusu mahari kilikuwa kweli. Zizi lake lilikauka kwa ajili ya Milembe. Ila Milembe naye alipigwa na yule mume mpaka sikio moja likawa halisikii, na hilo halikuhesabiwa na mtu.

Niliporudi mjini nilimkuta anasonga ugali wa madereva. Nilimwambia nikiwa nimesimama karibu na sikio lake zima. Hakuacha kusonga. "Wamesema Jumamosi?" "Jumamosi." Dereva mmoja akapiga kelele mchuzi uko wapi, Milembe akasema unakuja baba, akaupakua, akaupeleka mwenyewe, akarudi akakaa juu ya debe lililofudikizwa. "Hata kuku wangu wa pale nyuma ana shahidi," alisema. "Jirani alinikuta namnunua. Ng'ombe zangu zote zile, Limi, sina hata mtu mmoja." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akaniambia nikalie nje, machozi yasiingie kwenye chakula cha watu.

Kesho yake tulikwenda kwa kamanda wa sungusungu, maana siku zile wao ndio walioogopwa kuliko polisi. Ng'ombe akiibwa walimfuata mpaka apatikane. Alikuwa nje ya nyumba yake ananyoosha mishale. Alimsikiliza Milembe vizuri, nisimsingizie, hakumkatiza hata mara moja. Halafu akauliza, "Nani aliona ukinunua?" "Kaka yangu." "Nani aliona ukimkabidhi?" "Kaka yangu." "Masikio yana alama ya nani?" Kamanda akaweka mshale chini. "Mayu, mimi naamini unachosema. Lakini nikipiga yowe watu watoke na pinde, wataniuliza tunakwenda kumkamata nani. Mtu na ng'ombe zake zizini kwake? Watatucheka. Mlete mtu mmoja tu, mmoja, aliyemsikia Maduhu akisema kwa mdomo wake ng'ombe ni zako." Nikasema mimi nimesikia, nyuma ya kihenge. Alinitazama kwa huruma. Binti wa jikoni, anakula kwa Milembe, amejificha nyuma ya kihenge. Hata mimi niliona ushahidi wangu unavyonuka.

Na balaa haliji peke yake, maana jioni hiyo mama mmoja muuza dagaa aliyetoka Nassa alituletea ujumbe. Mzee Yohana anasema amepata mteja mwingine, mwanaume mmoja wa pamba, ana pesa na ana haraka. Kwa kuwa alikwisha kumwahidi Milembe, atamngoja mpaka gulio lijalo. Ng'ombe wasipofika, aandike maumivu. Yule mama akacheka akisema hivyo, kisha akaona nyuso zetu akaacha. Chumba kinachukuliwa. Mashine inakwenda. Na Jumamosi wakwe watakuja kuchagua kilichobaki cha maisha yake kwa fimbo. Nilimuuliza, "Sasa dada, tutafanyaje?" Akanijibu, "Tutakwenda kwenye mahari. Mimi si ndiye shangazi?" Kwa upole kabisa. Nikaogopa.

Ijumaa alipika kama anayejiandaa kwa sherehe ya kweli. Alikaanga, akafunga, akajaza kapu kubwa michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vibichi, na njugu. Niliposogeza kapu kulifunika nikaona chini yake kuna kamba za ng'ombe, mpya, za katani, zimezungushwa vizuri. Nilifikiri mambo mengi mabaya. Nilifikiri amechanganyikiwa, atajinyonga kwenye mti wa kwao mbele ya wakwe. Mambo kama hayo yalikwisha kutokea. Nilikaa naye karibu siku ile yote, akienda chooni namngoja nje, mpaka akaniuliza una nini wewe, umekuwa ndama? Sikuweza kumwambia.

Wakwe walifika asubuhi, kundi la wanaume na fimbo zao, wakiongozwa na baba wa binti, Mzee Ng'wandu, mzee mfupi mwenye koti zito la suti hata kwenye jua. Wanawake tulikuwa upande wa jiko. Milembe alisaidia kupika kama Maduhu alivyotabiri, akacheka na wifi yake, akampa mkono Masanja, bwana harusi, kijana mwembamba aliyekuwa anatokwa jasho, akamwambia, "Mwanangu umekua." Nilianza kufikiri amekubali yaishe. Kisha wanaume wakaingia zizini. Kwetu siku ya mahari mwanamke haingii humo; anasikia tu kutoka nje. Zizi la Maduhu lilizungushiwa minyaa mirefu, mlango wake magogo mawili, na kupitia upenyo tuliona ng'ombe wanatolewa mmoja mmoja, Mzee Ng'wandu anawapapasa mbavu, anawafungua midomo. Alimkataa mmoja, jicho lina ukungu. Akapewa mwingine. Halafu likasogezwa dume jekundu, na wakwe wote wakaguna kwa kuridhika.

Milembe akafuta mikono kwenye kanga. Akachukua kapu. Akatembea, si haraka, akainama chini ya gogo la mlango, akaingia zizini.

Jamani, kelele ile! "Weee! Mwanamke!" "Mtoeni!" Mimi nilikuwa nimemfuata mpaka kwenye gogo, nimelishika kwa mikono yote miwili, sijui kama nilitaka kumvuta au kuingia. Milembe akapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, kwa heshima zote, mbele ya Mzee Ng'wandu.

"Mwangaluka, mkwe," akasalimu. "Mnisamehe kuingia. Mimi ni Milembe, shangazi wa kijana. Sina mtoto wa tumbo langu, mtoto wangu ni Masanja. Siwezi kukaa jikoni wakati mwanangu anatolewa mahari na mimi nina changu humu ndani. Huyu dume jekundu ni wangu. Na yule mtamba mweupe mwenye mimba kule nyuma ni wangu. Nawatoa hao wawili, kwa mkono wangu, waende kwa binti yenu. Mwanangu asioe mpweke."

Mimi binti mjinga ilinichukua muda kuelewa amefanya nini, lakini wazee walielewa pale pale. Niliona fimbo zinahama mkono. Mtu hatoi kisicho chake. Maduhu akisema wale si wa Milembe, basi wakwe wangesikia kwamba ng'ombe wa mahari wana ugomvi, na hakuna mkwe duniani anayepeleka nyumbani ng'ombe mwenye ugomvi. Wangechukua fimbo zao waondoke na harusi ya Masanja ingeishia pale. Akitaka harusi, itabidi ampokelee dada yake zawadi. Na zawadi hupokelewa kwa shukrani, kwa sauti, mbele ya watu; na akiwashukuru hao wawili, hawezi tena kuwakana waliobaki.

Mzee Ng'wandu alimtazama Milembe, halafu akamgeukia Maduhu. "Ngosha," akasema, kama tunavyomwita mwanaume kwa heshima, "mama huyu anatoa vyake, au anatoa vyako?"

Nilimwona Maduhu anaitafuta njia nyingine. Alitazama wazee wenzake, akatazama mkewe kule nje, akamtazama mwanawe. Masanja alikuwa anatazama chini kwenye vidole vyake vya miguu. Kikohozi kikamshika Maduhu, akakohoa mpaka akainama, na hakuna mtu aliyemsogelea. Alipoinuka hakumtazama dada yake. Aliwatazama ng'ombe.

"Wabeja, dada," akasema. Kwetu hiyo ndiyo asante.

"Tumesikia," Mzee Ng'wandu akasema papo hapo, na wenzake wakarudia, "Tumesikia." Milembe naye akasema, bado amepiga magoti, "Basi kaka, nashukuru kwa kunitunzia. Waliobaki wangu leo nakupunguzia mzigo." Akalimimina kapu. Michembe ikamwagika kwenye mavi, na zile kamba. "Limi! Ingia."

Niliingia. Tuliwafunga mmoja baada ya mwingine, yeye anaonyesha mimi nafunga, na wanaume wametupisha njia. Hakuna aliyetusaidia, hakuna aliyetuzuia. Tulipotoka mlangoni Maduhu alisema nyuma yetu, taratibu, wakwe wasisikie, "Hapa kwetu usirudi tena." Milembe hakugeuka. Lakini tulipovuka mashamba ya pamba akakaa chini njiani, kamba mkononi, akalia kwa sauti, analiita jina la mama yao. Nilimwacha alie. Ng'ombe wakala majani ya kando, na mimi nikasimama nao jua linatuchoma.

Tuliwaswaga mpaka Nassa sisi wenyewe, wanawake wawili na fimbo, na watu wa njiani walitoka kutuangalia. "Mmeiba wapi?" walituuliza. Mmoja alitaka kupiga yowe kweli. Milembe akamjibu, "Waulize wakwe wa Maduhu." Tulifika gulio halijapita. Mzee Yohana alizunguka ng'ombe, akatikisa kichwa, akasema dume liko wapi, niliambiwa kuna dume. Bila dume wale hawakutosha kwa mashine aliyoahidi. Wawili aliowatoa Milembe kwa wakwe walikuwa ndio bora. Nilitaka kukaa chini nife. Walibishana mchana kutwa, na mwisho akatupa mashine ya zamani iliyokuwa imelala kwenye banda lake, ile ambayo kuiwasha ilibidi uzungushe hendeli mpaka mabega yalie, na ikiwaka ilitoa moshi mweusi na kuruka kama mbuzi aliyefungwa. Yule mwanaume wa pamba akaichukua ile nzuri. Tuliipandisha ya kwetu kwenye lori tupu lililokuwa linafuata pamba Bariadi, na dereva, mteja wetu, alitucheka njia nzima.

Wiki za kwanza wanaume walisema unga wa mashine ya mwanamke unachacha. Wake zao hawakuwa na muda wa upuuzi huo. Walikuja na ndoo zao kwa sababu tulikuwa karibu. Viganja vyangu vilipasuka kwa hendeli, vikapona vigumu, na bado ni vigumu mpaka leo ninapoandika. Hoteli ilifungwa, chumba kikajaa pamba mpaka dirishani. Milembe alikuja kuwa na mashine nyingine, nzuri, na mimi nikapata yangu upande wa pili wa mji, na leseni zetu zina majina yetu. Lakini nyumbani kwao hakurudi. Maduhu alipokufa alituma mchele na hakwenda. Hilo nalo ni sehemu ya bei, na nilitaka lisomwe.

Masanja alikuwa amemaliza. Mshereheshaji akasimama akauliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye nyongeza kabla mchungaji hajaendelea. Wanaume wakatazamana. Kiganja changu kilikuwa bado chini, nimekwisha kuvuta pumzi. Kwangu akanikandamiza bega, akasimama yeye. Watu wakageuka. Alikwenda mpaka kwa mumewe, akapokea maiki mkononi mwake, naye akaiachia kabla hajafikiri.

"Mimi ni mke wa huyu aliyesoma," alisema. "Kuna kitu amekiruka. Mahari yangu ilikuwa na dume jekundu na mtamba mweupe mwenye mimba. Hazikuwa za baba mkwe. Alizitoa marehemu, ameingia zizini kwa miguu yake, na baba yangu mzazi alisikia Mzee Maduhu akimshukuru. Hakusaidiwa. Yeye ndiye aliyesaidia. Nilipoanza kuuza mchele sokoni, mume wangu alinikataza. Nikamwambia, mimi nimekuja kwako kwa ng'ombe za mwanamke. Nenda kamuulize mwenye ng'ombe kama anakataza." Kicheko kidogo kikapita chini ya turubai, kikafa. "Alikwenda. Alirudi kimya. Mchele nauza mpaka leo, na watoto wake wamesoma kwa huo mchele. Ni hilo tu."

Akamrudishia maiki, akarudi, akakaa kushoto kwangu. Masanja alibaki amesimama. Ana mvi sasa, na ana kikohozi cha baba yake. Alitazama chini kwenye viatu vyake kama alivyotazama vidole siku ile, na nikasema moyoni, haya, tuone. Mshereheshaji akanyoosha mkono kuichukua maiki. Ndipo Masanja alipoikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akageuka, akatupa kisogo sisi wote.

"Wabeja, shangazi," akasema.

Baba yake alilisema neno lile akiwatazama ng'ombe. Yeye alilisema akilitazama jeneza. Nikaondoa kiganja changu chini, nikakifuta kwenye kanga.